Bafu la Mama Mkwe

Katika miaka kumi na sita ya ndoa, Mukhwana alikuwa amemwona mama mkwe wake usoni mara mbili, na mara zote mbili kwa bahati mbaya. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mahari, alipofungua mlango ambao hakutakiwa kuufungua. Mara ya pili ilikuwa matangani, mvua ilipowasukuma watu wote chini ya turubai moja. Mukhwana alitazama viatu vyake, naye mama mkwe, Nabututu, akawageuzia watu mgongo, na kila mmoja akaenda zake akiwa ametimiza wajibu. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawaketi chumba kimoja. Hapo hakuna chuki. Ni heshima, ila ni heshima inayohitaji nafasi.

Manyatta, mtaani kwao Kisumu, hakukuwa na nafasi. Nyumba ya Mukhwana ilikuwa na vyumba viwili chini na kimoja juu, na kando ya hicho cha juu ilibaki slabu tupu ya kuanikia nguo, yenye vyuma vilivyochomoza kwenye nguzo vikingoja pesa ambazo hazikuja. Ngazi ilikuwa nje, ya saruji, imebana ukutani, na ilishuka hadi karibu na mlango wa chumba alicholala Mukhwana. Choo kilikuwa kwenye kona ya ua, na walikitumia pamoja na watu wa ploti ya pili. Bafu lilikuwa mabati manne kando ya choo.

Mukhwana alikuwa askari wa usiku kwenye ghala moja la nafaka. Alirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kulala mpaka alasiri. Mkewe, Nanyama, alikuwa na cherehani yake katika soko la Kibuye. Binti yao Bridget alikuwa shule ya bweni, na chumba cha juu kilikuwa chake wakati wa likizo tu.

Mwezi wa Machi, Nabututu alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walisema imewahiwa. Walitaka apigwe mionzi Kisumu, siku tano kwa wiki, wiki tano, mara ishirini na tano bila kuruka. Kutoka kwake Chwele hadi Kisumu na kurudi kila siku kungemmaliza kabla ya ugonjwa. Nanyama akasema mama atakaa kwake. Nabututu akasema afadhali alale kwenye benchi la hospitali kuliko kulala katika nyumba ya mkwe wake.

Wakampigia simu Wakhisi, kaka yake Nabututu, ambaye ukoo wote ulimtegemea katika mambo ya mila kwa sababu alikuwa amestaafu na alikuwa na muda. Wakhisi akauliza maswali mengi kuhusu nyumba. Akauliza ngazi iko ndani au nje. Alipoambiwa iko nje, akasema kwamba ngazi ikiwa nje, basi juu ni nyumba nyingine na chini ni nyumba nyingine, hata kama ukuta ni mmoja. Nabututu angeweza kulala huko. Wasikutane tu.

Kutokukutana kulikuwa rahisi kwa wiki ya kwanza. Nanyama alimpeleka mama yake hospitalini kwa tuktuk saa moja asubuhi, akamrudisha saa tatu na nusu, halafu akaenda Kibuye. Nabututu alipanda juu na kukaa huko. Mukhwana alilala chini. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Wiki ya pili mionzi ilianza kumsumbua tumboni. Nesi alikuwa amewaambia mapema kwamba jambo hilo lingetokea, na likatokea. Nabututu alianza kuharisha. Alishuka ngazi mara nane, mara kumi kwa siku, mkono mmoja ukutani, karatasi ya chooni imefichwa ndani ya leso. Kila alipofika vidato vya chini alikohoa, ili aliye ndani ajue asitoke. Mukhwana aliamka kwa kila kikohozi. Alilala chali na kusikiliza viatu vya mama mkwe vikivuka ua, mlango wa choo ukifungwa, kisha muda, kisha viatu vikirudi. Wakati mwingine yeye mwenyewe alihitaji kwenda, na ikabidi angoje mpaka ngazi inyamaze. Siku moja alingoja sana, akatoka mbio, na akakuta mama mkwe wake anashuka tena. Mukhwana alijitosa nyuma ya kamba ya nguo ya pale uani akasimama katikati ya mashuka kama mtu anayekaguliwa. Nabututu aligeuka akapanda kurudi juu. Hakuwahi kufika chooni siku hiyo. Jioni Nanyama alifua shuka la mama yake bila kuuliza, akalianika upande wa nyuma, mahali jua halikufika.

Baada ya hapo Nabututu aliacha kula. Hakusema kwamba ameacha. Uji alioachiwa aliumwaga kwenye mtaro wa slabu, na chai akaionja tu. Asiyekula haendi chooni. Jumatano ya wiki hiyo, siku ya nane ya mionzi, nesi alimpima akakuta amepungua kilo nne. Alimwambia Nanyama pembeni kwamba uzito ukishuka tena, daktari atasimamisha matibabu.

"Anakataa chakula?" nesi akauliza.

Nanyama alijibu kwamba hakatai chakula. Anakataa ngazi.

Alipomweleza mumewe jioni ile, Mukhwana alikuwa anavaa koti lake la kazi, lile zito la usiku. Alifunga vifungo vyote kabla ya kujibu. Akasema kwamba ile slabu ya kuanikia nguo ingetosha bafu na choo.

"Juu?" Nanyama akauliza.

"Juu. Asishuke tena."

Pesa hazikuwepo, kwa hiyo asubuhi Mukhwana hakwenda nyumbani bali alingoja afisini mpaka meneja alipofika, akaomba apewe mshahara wa miezi miwili kabla ya wakati. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Alimkaribisha kiti na kumuuliza ni shida gani. Mukhwana angeweza kusema ni ugonjwa, na ingekuwa kweli. Lakini alikuwa mtu aliyejibu swali kama lilivyoulizwa.

"Najenga choo," akasema. "Ghorofani."

Meneja alitia sahihi. Pia alicheka, si kwa ubaya, na kabla ya saa sita wapakiaji wote walijua. Kuanzia siku hiyo Mukhwana alipoingia kazini walimpigia saluti na kumwita Bwana Ghorofa. Mmoja alimuuliza kama atakuwa anauza tiketi. Mukhwana alisaini kitabu cha zamu, akachukua tochi na rungu, akaenda kusimama mahali pake.

Fundi alikuwa Odongo, mtu wa Nyalenda, mwenye mikono mikubwa na simu tatu. Alifika Jumamosi, akapanda ngazi, akakanyaga slabu kwa kisigino mara kadhaa, na kutangaza kwamba iko imara kuliko ndoa nyingi. Alimuuliza Mukhwana bafu ni la nani. Mukhwana akamwambia. Odongo akavua kofia.

"Mzee, hiyo naelewa," akasema. "Hata kwetu Wajaluo mama mkwe, maro, ni maro. Hii nitafanya haraka na nitafanya safi."

Haraka alifanya. Kwa siku tisa kulikuwa na matofali, mchanga na kelele, na Mukhwana hakulala zaidi ya saa mbili kwa wakati mmoja. Vigae vya sakafuni Odongo alivitoa kwenye mabaki ya kazi zake nyingine, kwa hiyo vilikuwa vya rangi tatu. Mfereji wa mji haukuwa na nguvu ya kufikisha maji juu, kwa hiyo waliweka tenki dogo juu ya matofali nyuma ya bafu, la kujazwa kwa mkono. Bomba la maji machafu lilishuka ukutani mpaka kwenye shimo la choo cha zamani. Jumapili ya wiki ya tatu, Odongo alifunga mlango wa mbao, akaufungua, akaufunga tena ili wote waone, akalipwa akaondoka.

Adero, jirani wa ploti ya pili aliyeuza samaki wa kukaanga, alikuja kukagua. Alipanda juu, akavuta maji ya choo, akasikiliza yakishuka. Alisema kwamba yeye angependa mkwe wake amjengee hata nusu ya kitu kama hicho, na kwamba mkwe wake bado hajamaliza mahari.

Jumatatu jioni Nanyama alikuta sahani imelambwa, na Jumanne mama yake aliomba kuongezewa ugali.

Kazi ya kujaza tenki ilikuwa ya Mukhwana. Alipotoka zamu, na Nabututu akiwa hospitalini, alibeba mitungi ya lita ishirini kutoka mferejini hadi juu, mara kumi na mbili. Alimaliza kabla ya saa tatu, akafuta ngazi isiteleze, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nabututu aliporudi alikuta tenki limejaa. Jumatano alimwambia binti yake, akitazama dirishani, kwamba huyo mtu wa chini asijaze mpaka juu kabisa, atavunja mgongo. Nanyama akapeleka ujumbe. Alhamisi Mukhwana alibeba mitungi kumi na mbili kama kawaida.

Alhamisi hiyo hiyo, karibu na saa sita mchana, aliamshwa na unyevu. Alikuwa ameacha mkono ukining'inia nje ya kitanda, na vidole vilikuwa ndani ya maji. Maji yaliingia chini ya mlango, membamba na safi, yakiwa yamezunguka viatu vyake vya kazi. Alifungua mlango. Yalikuwa yanashuka ngazini, kidato baada ya kidato, bila haraka.

Mukhwana alisimama chini ya ngazi akakohoa. Hakuna aliyejibu. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi, na alipoona kikohozi hakitoshi, akaita, "Mama." Hakuwahi kumwita hivyo.

Alikwenda kwa Adero akagonga. Kulikuwa na kufuli mlangoni, alikuwa Dunga kuchukua samaki. Akampigia Nanyama simu, ikaita mpaka ikakatika, maana sokoni cherehani hailali. Akapiga tena. Akatoka hadi barabarani kutafuta mwanamke yeyote mzima, akaona wanaume wawili wanasukuma mkokoteni, na mbuzi. Akarudi. Akapanda vidato vinne. Akashuka viwili. Baadaye, alipoulizwa, hakuweza kusema alisimama hapo kwa muda gani, lakini ulikuwa muda wa kutosha kumtia aibu maisha yake yote.

Kisha akapanda hadi juu, akasimama nje ya mlango wa mbao. Maji yalikuwa yanatoka chini yake.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi."

Ndani bomba liliendelea kumwaga.

"Nanyama hajarudi?"

"Bado. Nimempigia, hashiki."

"Na yule wa samaki?"

"Ameenda Dunga."

"Basi ngoja," Nabututu akasema.

Akangoja. Alitazama ukuta, ambao Odongo hakuwa ameupiga rangi. Aligundua kwamba hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na kwamba bado alikuwa na fulana ya kulalia.

"Haya maji yataisha," sauti ikasema baada ya muda.

"Si kitu, Mama. Nitateka mengine."

"Nimeanguka. Mkono umevunjika, naona. Siwezi kufikia bomba." Akapumzika. Aliposema tena, meno yalikuwa yanagongana. "Na baridi imenishika."

"Niruhusu niingie."

Nabututu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyezaa watoto saba na kuzika watatu, na ambaye katika wiki nne zilizopita alikuwa amevuliwa nguo na kutazamwa na vijana wenye umri wa wajukuu zake kila asubuhi isipokuwa wikendi. Kwa hao alifumba macho na kuhesabu. Huyu aliye nje ya mlango alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye bado alimwekea heshima yote.

"Ingia," akasema. "Lakini fumba macho."

Mukhwana alishuka mbio akachukua koti lake la kazi, akapanda, akafumba macho, akasukuma mlango kwa bega. Alipiga hatua mbili. Ya tatu haikukanyaga kitu. Aliteleza, akagonga paja kwenye choo cha kukalia, akaanguka na kukaa kitako ndani ya maji, na macho yakafumbuka yenyewe bila idhini yake. Mama mkwe wake alikuwa karibu naye kuliko watu wanavyokaa kanisani.

Wakatazamana. Hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Umeumia?" Nabututu akauliza.

"Sijaumia."

Alimfunika kwa koti, akafunga bomba, akamwinua. Alikuwa na uzito wa mitungi miwili ya maji, na Mukhwana aliujua uzito huo vizuri. Alimlaza kitandani, akamwekea mablanketi mawili, akatoka, akaketi kwenye kidato cha juu kabisa akiwa amelowa, mgongo wake ukielekea mlango. Kila baada ya muda aliuliza kama yuko sawa, na Nabututu alijibu kwamba yuko sawa. Adero aliporudi na beseni lake la samaki aliwakuta hivyo. Alitua beseni, akapanda kumvisha mgonjwa. Kwenye tuktuk ya kwenda hospitalini, Mukhwana alibanana mbele na dereva.

Mkono ulikuwa umevunjika kifundoni. Ulifungwa plasta. Siku iliyofuata, Ijumaa, Nabututu hakwenda kupigwa mionzi. Ingekuwa mara ya ishirini. Alimwambia Nanyama afunge nguo zake, anarudi Chwele. Nanyama alimuuliza sababu mara tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba anayejua sababu hahitaji kuuliza. Mukhwana alikwenda kazini, wakampigia saluti, akasaini.

Jumamosi Wakhisi alifika na basi la asubuhi, amevaa suti ya kahawia. Hakupanda juu kumwona dada yake kwanza. Alisema jambo lianze na anayelijua. Wakaketi sebuleni, Nanyama akaleta chai, na Wakhisi akatoa daftari dogo mfukoni.

Alitaka kujua Mukhwana aliingia kwa mguu gani. Mukhwana hakukumbuka. Alitaka kujua kama macho yalifumbwa. Yalifumbwa. Yalifumbuka lini? Alipoanguka. Yalikaa wazi kwa muda gani? Mukhwana akasema mpaka sasa. Wakhisi aliandika. Akauliza alimbeba kwa mikono miwili au mmoja, na koti lilikuwa katikati yao au pembeni, na ni nani mwingine aliyeona. Mukhwana alijibu yote, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekamatwa ghala likiwa tupu.

Mwishowe Wakhisi alifunga daftari. Alisema kwamba hana lawama kwa mkwe, kwa kuwa hata yeye huenda angefanya hivyo, ila jambo likishatokea limetokea. Patolewe kondoo wa kulitakasa. Na Nabututu hawezi kulala tena katika boma hili, si juu wala chini. Atarudi naye na basi la saa nane.

"Na matibabu?" Nanyama akauliza.

Wakhisi alisema kwamba matibabu ni mambo ya hospitali, na haya ni mambo ya nyumbani, na yeye aliitwa kwa haya.

Nanyama alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mjomba wake machache zaidi. Aliweka birika chini.

"Zimebaki mara sita, Mjomba. Sita tu. Mama akifa Chwele kwa sababu ya hizo sita, huyo kondoo atakuja kulia na sisi?"

Wakhisi aliongeza sukari kwenye chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. Alianza kusema kwamba hakuna aliyetaja kifo, na hapo ndipo waliposikia viatu ngazini. Havikutanguliwa na kikohozi. Vilishuka polepole, vikapumzika katikati, vikaendelea. Kisha Nabututu akasimama kwenye mlango wa sebule ya mkwe wake, mahali ambapo hakuwahi kusimama, mkono wenye plasta umefungwa kifuani kwa leso.

Mukhwana aliinuka, akatafuta upande wa kukimbilia. Kulikuwa na dirisha lenye vyuma na kabati.

"Keti," Nabututu akamwambia.

Hakusema kwa kupitia Nanyama, wala hakutazama dirishani. Mukhwana akaketi.

"Baba Bridget."

"Mama."

"Ile sakafu imelala vibaya. Tundu la maji liko juu, mlango uko chini. Maji yakimwagika hayaendi shimoni, yanakuja miguuni. Ndiyo maana nilianguka, na wewe ukaanguka. Yule fundi alikudanganya."

Mukhwana alijaribu kuiona sakafu akilini, vigae vya rangi tatu, na akaona kwamba ni kweli.

"Jumatatu naenda kuchomwa mionzi," Nabututu akaendelea. "Nikirudi nitataka mahali pa kuoga. Itengeneze."

"Dada," Wakhisi akasema, "sisi tulikuwa kwenye habari ya kondoo."

"Kondoo mlete. Nitamla hapa hapa, nesi anataka ninenepe." Akamgeukia kaka yake kwa mara ya kwanza. "Wewe ulisema juu ni nyumba nyingine. Basi mimi niko kwangu. Mtu alisikia jirani yake ameanguka, akaja kumwokota. Andika hivyo."

Wakhisi alifungua daftari, akalitazama, akalifunga bila kuandika. Alikaa mpaka basi la saa nane, akala samaki wa Adero, na alipoondoka alimpa Mukhwana mkono muda mrefu kuliko kawaida. Habari ya kondoo ingejadiliwa baadaye, akasema. Nanyama alifungua mfuko wa nguo za mama yake akazirudisha kwenye kamba ya chumbani.

Simu za Odongo, zote tatu, hazikupatikana. Kwa hiyo Jumapili, badala ya kanisa, Mukhwana aliazima patasi na nyundo, akapanda juu na kubandua vigae kimoja kimoja. Hakuwa fundi. Nabututu aliletewa kiti akaketi nje ya mlango wa bafu, akiwa amegeuka upande, na kutoka hapo akaongoza. Alikuwa amekandika nyumba za udongo tangu akiwa msichana, na alijua maji yanavyofikiri. Alimwambia ainue upande wa mlango kwa upana wa vidole viwili. Akamwambia asikandamize saruji kwa hasira. Mukhwana alijibu "ndiyo, Mama" mara nyingi sana hivi kwamba Nanyama, aliyekuwa anapika chini, alianza kuzihesabu akaacha.

Jumatatu na Jumanne sakafu iliachwa ikauke. Nabututu alikwenda kuchomwa mara ya ishirini, na ya ishirini na moja, akaoga kwa beseni chumbani mwake. Mara zilizobaki zingemalizika wiki ijayo, na baada ya hapo madaktari wangemtazama na kusema walichoona. Hilo hakuna aliyelizungumza.

Jumatano, aliporudi, alimkuta Mukhwana bado yuko juu, anajifuta vumbi mikononi. Hakukimbia. Nabututu alichukua kikombe kwa mkono mzima, akakijaza maji, akasimama mlangoni na kuyamwaga sakafuni, mbali na tundu.

Maji yalikaa kidogo, yakajikusanya, kisha yakaanza kwenda. Yalipita kigae cheupe, kigae cha kijani, yakakwama kwenye cha kahawia, yakapata njia pembeni, yakaingia shimoni. Wote wawili waliinama kuangalia mpaka sakafu ikabaki na unyevu tu.

"Sawa," Nabututu akasema. "Sasa toka, nioge."

Mukhwana alitoka, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukaingia vizuri kwenye fremu. Akashuka ngazi iliyokuwa kavu, akavua viatu, akajilaza. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi na alikuwa hajapata usingizi tangu juzi, lakini hakulala. Alisikia bomba likifunguliwa. Alisikia maji yakishuka ukutani, karibu na kichwa chake, kwa muda mrefu, na bomba likifungwa, na hatua zikivuka kutoka bafuni hadi chumbani, moja, nyingine, nyingine, na kitanda kikipokea uzito. Hapo ndipo alipogeukia ukuta akafumba macho.